Meza Yangu na Kabati la Baba Yako

Dukani kwa fundi wa kompyuta,
Nyuma ya soko la nguo.
Alhamisi, mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na watoto. Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Na yule mdogo ameshaota meno, au bado mnalala kwa zamu? Sisi huku tunaendelea, ukiacha goti la baba yako ambalo kila asubuhi lina habari mpya. Mama yako, Mama Mkubwa wangu, hajambo, presha imetulia. Angekutumia salamu kama angejua nakuandikia.

Hajui. Hajui yeyote. Ndiyo maana unapokea karatasi badala ya ujumbe. Simu yangu imekuwa simu ya nyumba nzima, na kila kinachoingia husomwa kwa sauti na aliye karibu nayo. Nikipiga nje, nikirudi naulizwa nilikuwa naongea na nani. Kwa bahati jirani yetu muuguzi anasafiri kesho kuja huko kwenu kikazi, na ameniahidi atakukabidhi bahasha hii mkononi mwako Jumamosi. Mwamini, hana mdomo.

Kaka, nimebanwa mpaka sina pa kugeukia. Nimeketi kwenye stuli mbele ya meza ya fundi, laptop yangu mpya imefunguliwa mgongo, na yeye ananingoja niseme neno moja. Nimemwomba anipe muda nimalize barua. Amesema sawa, akachukua simu ya mteja mwingine, lakini kila nikiinua macho nakuta ananitazama.

Nianze mwanzo, maana mara ya mwisho tulipoongea kompyuta yangu ya zamani ilikuwa bado hai. Iliungua. Ilitoa harufu kama ya plastiki jikoni, ikazima, na haikuwaka tena. Nililia kama nimefiwa. Mhandisi ninayemchorea ramani za nyumba alinipa pole, halafu akanipa mtihani: kuna nyumba ya ghorofa anataka niichore yote, ile michoro ya kuzungusha kwenye kioo mteja akaona kila upande. Nikiileta Jumatatu ikiwa imekamilika, ananiajiri kwa mshahara wa mwezi. Nisipoileta, kuna kijana mwingine anasubiri mlangoni, na huyo ana kompyuta inayofanya kazi.

Mshahara wa mwezi, Kaka, maana yake ni chumba. Na chumba maana yake ni kuishi na mwanangu Chiriku. Unajua bado yuko kwa bibi yake, mama wa yule bwana tuliyeachana naye. Bibi mwenyewe ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Lakini ameniita juzi akanikalisha, akaniambia shule zikifunguliwa atamwandikisha huko huko, kwa sababu mtoto hawezi kuendelea kusubiri mama atakayemlaza nyuma ya pazia la sebuleni. Ningejibu nini, na pazia lenyewe ndilo ninalolala nyuma yake? Chiriku ananiuliza kwenye simu kama chumba chetu kitakuwa na dirisha. Namwambia kitakuwa nalo. Sijui natoa wapi hiyo sauti ya kumwambia.

Sasa, laptop. Niliyemwona ana moyo ni baba yako. Aliita watu wakachanga: yeye mwenyewe, Shangazi kutoka kwenye duka lake la kushona, mama yako, hata mume wa Shangazi ambaye huwa hatoi hata salamu. Ikapatikana laptop mpya, ya bei ya chini, bado na karatasi yake ya nailoni. Niliwapigia magoti mmoja mmoja. Na zikabaki fedha za kuiongezea kitu kimoja. Kimoja tu. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mashine yenyewe ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya giga nne, na hizo zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani, hazitoki. Pembeni kuna nafasi moja tupu ya kuongeza. Diski yake ya kuhifadhia si kubwa, lakini michoro yote ya maisha yangu haifiki hata robo yake. Nilipofungua ile nyumba ya ghorofa na kuizungusha kidogo, ikaganda. Nikangoja. Ikazunguka nusu, ikaganda tena, kisha programu yote ikajifunga na kazi ya asubuhi ikaenda nayo. Nimejaribu kuchora kipande kipande, nimejaribu kufunga kila kitu kingine, nimejaribu hata kuiwekea feni. Haitaki. Inahitaji RAM, basi.

Lakini wachangiaji wamekuwa wenye hisa. Kila mmoja ana lake la kuweka humo. Shangazi ana picha za kila gauni aliloshona tangu aanze kushona. Mama yako anataka picha zote za ukoo zikae mahali pamoja kabla hazijaliwa na unyevu. Na baba yako, unamjua, tangu aache urefa hajawahi kuacha urefa. Ile mikanda ya mechi alizochezesha alishaihamishia kwenye DVD, sasa anataka yote iingie kwenye laptop, aitazame akiwa amenyoosha goti. Kwa hiyo kikao kilikaa na hukumu ikatoka: inunuliwe diski kubwa, ya tera nzima, yaani giga elfu moja.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema diski ni kabati, RAM ni meza. Kabati hata liwe kubwa kama nyumba, huwezi kufanyia kazi ndani ya kabati. Mimi nalilia meza.

Baba yako akanisikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, akasema, "Basi kabati. Meza si unayo, ile ya kupigia pasi?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli nachorea juu ya meza ya pasi. Nikasema basi kwa vitu vyao tutafute diski ya nje, ya kuchomeka, hata iliyotumika, nitainunua mwenyewe nikianza kulipwa. Akasema vitu vya nyumba havikai nje. Nikafungua mdomo tena, akainua mkono juu vile vile alivyokuwa akiinua uwanjani, na ukijua mkono ule unajua mechi imekwisha.

Sina hasira naye. Ningekuwa nayo ningepumua. Ananilisha, amenipa pa kulala, na nikitoka kuoga nakuta ameniwekea chai chini ya sahani isipoe. Ndiyo maana siwezi kusimama mbele yake nikasema hapana. Nikimkasirisha nitahamia wapi? Na mechi zake hizo, Kaka, ndiyo maisha yake. Huwa anasimamisha picha pale alipotoa kadi nyekundu, anatuuliza sote kama ilikuwa halali. Tunasema ilikuwa halali. Anaendelea.

Leo asubuhi goti lilimzidi, akashindwa kuja nami hapa. Akanipa bahasha ya fedha, akaniambia, "Tera nzima, Rula. Wasikubambikie nusu." Nikaitikia, "Ndiyo, Baba Mkubwa." Nikatoka.

Nimefika, fundi ameniwekea vyote viwili juu ya kitambaa. Diski kulia, RAM kushoto. RAM yenyewe ni kipande chembamba, ukikitia mfukoni hutakihisi. Bei ni karibu sawa. Nimemwuliza kama naweza kuijaribu kisha nikabadilisha. Amesema, "Dada yangu, nikishafungua pakiti, ni mali yako. Hairudi." Nimemwuliza kama anaweza kunikopesha kimoja. Amenionyesha ukutani, pale alipobandika karatasi kubwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Nimeweka kalamu chini kidogo, nimekunywa maji.

Nikienda na diski, nyumba yote itafurahi jioni ya leo. Shangazi atakuja na magauni yake, baba yako atanyoosha goti na kutazama mechi, na Jumatatu nitakwenda kwa mhandisi mikono mitupu. Shule zikifunguliwa mwanangu atavaa sare ya shule ya huko. Atazoea. Hilo ndilo linaloniua, kwamba atazoea.

Nimemwambia fundi afungue pakiti ya kushoto.

Ameshaipachika. Imelia kidogo kama kitasa, basi. Amewasha, nimefungua ile nyumba ya ghorofa, nimeizungusha. Imezunguka, Kaka. Imezunguka yote, ngazi zikaonekana, veranda ya nyuma ikaonekana, na mimi nimeziba mdomo kwa kanga mbele ya wateja. Naweza kuimaliza. Nikikaza kuanzia leo, naimaliza.

Sasa nina safari ya kurudi nyumbani, na huko yupo refa.

Nimefikiri nimwambie nini, na nimepata kitu kimoja tu ambacho hatakiinulia mkono. Nitamwambia wewe ndiye uliyesema. Kwamba ulinipigia nikiwa kwa fundi, ukasema RAM kwanza, diski baadaye, na kwamba utampigia mwenyewe Jumapili umweleze. Nisamehe. Mimi nikisema jambo katika nyumba ile ni kelele. Wewe ukisema hilo hilo ni ushauri wa mtoto aliyesoma, aliye mbali. Jina lako ndilo lililobaki lenye uzito mfukoni mwangu, na nimelitumia bila ruhusa.

Namjua, diski ataisahau. Ataniuliza umesema lini. Ataniuliza ulikuwa na sauti gani. Ataniuliza, "Kasema nini kingine?" Tangu ulipopiga mara ya mwisho anauliza kama ni wewe kila simu yangu inapolia, na kila mara ni mtu mwingine. Sikulaumu, najua kazi za huko na saa zake. Nakueleza tu yatakayonikuta. Itabidi nimtungie salamu zako pale pale nikiwa nimesimama na mfuko wa laptop begani, kwa sababu za kweli sina. Nitasema umeulizia goti. Nitasema umeuliza kama filimbi bado anaitunza kwenye droo. Atafurahi sana, na mimi nitashindwa kumtazama.

Msalimie sana wifi yangu, na watoto wote uwabusu vichwani, uwaambie ni kutoka kwa shangazi yao Rula aliyewachorea nyumba yenye paa jekundu. Muuguzi umpe hata chai, amenibebea mzigo mkubwa kuliko anavyojua.

Piga Jumapili, Kaka, nakuomba kwa kila kitu. Kuhusu RAM sema ndiyo, ni wewe. Kuhusu goti, muulize mwenyewe, ili angalau hilo lisiwe uongo wangu.

Mungu akulinde huko uliko, na Jumapili akukumbushe.

Mdogo wako anayekupenda hata ukikataa,
Rula