Usije Kutuchukua Jumamosi

Dada yangu mpenzi,

Bonge sasa hivi kapiga teke maji ya beseni, yakaruka hadi mlangoni, halafu kaanza kulia. Anaogeshwa na baba yake. Mimi nimekaa kizingitini, upande wa nje, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa sufuria. Naandika ili nisiingie ndani.

Salamu zangu zipokee hivyo hivyo na mwandiko huu uliopinda. Huko hamjambo? Mguu wa shemeji umepona? Sisi ni wazima wa mwili, roho ndiyo haijatulia.

Barua yako nimeipata. Umesema Jumamosi unakuja kutuchukua mimi na mtoto, kwa sababu mwanamume anayemwangusha mtoto wa miezi minne si wa kuachiwa hata kuku. Nilicheka kidogo, kisha nikalia.

Dada, unamjua mume wangu, shemeji yako, fundi saa. Vidole vyake vinashika skrubu ndogo kama chawa. Lakini tangu Bonge azaliwe, kila akimbeba mimi nasema shingo, shika shingo, si hivyo, lete. Akimfunga nepi, naifungua naifunga upya mbele yake. Siku moja akaniuliza kwa utani kama mtoto huyu nilikuja naye kutoka kwetu. Sikucheka. Nikimtolea macho, mikono yake inakakamaa, na Bonge akiguswa na mikono iliyokakamaa analia. Akilia, baba yake anafoka na kunirudishia, na mimi nikifokewa hata maziwa hayashuki. Mtoto anavuta, anaachia, anapiga yowe. Tunaambukizana humu ndani kama mafua.

Sasa pokea lile nililokuficha. Siku ile hakumwangusha. Alikuwa amemshika vizuri, mimi nikaona kiwiko kimeteleza kidogo, nikamnyakua mtoto mikononi mwake. Mimi ndiye niliyemgonga kichwa kwenye ukingo wa beseni. Majirani walipokuja nikasema ni baba yake, na wewe nikakuandikia hivyo hivyo. Yeye alinitazama tu, akaenda kumwaga maji ya beseni. Tangu siku hiyo hakumgusa tena hadi leo. Akirudi kazini alikuwa akimsalimia kwa mbali kama mtoto wa wageni. Nami kwa kubaki peke yangu nimekuwa mtu mbaya, dada. Juzi Bonge alilia nikamlaza kitandani nikaziba masikio.

Leo asubuhi nimemwomba mume wangu msamaha, kisha nikamwomba amwogeshe mtoto. Akasema anaogopa. Nikamwambia hata mimi. Kwa hiyo Jumamosi usije kutuchukua. Ukija, uje kututembelea, na maneno yako makali uniletee mimi. Mama nitamwambia ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bado analia. Nimesimama mara mbili, nimekaa mara mbili. Baba yake anamwimbia sijui nini, kwa ile sauti yake ya mlango usiotiwa mafuta. Nikiingia sasa hatamshika tena, hilo nalijua. Lakini kilio kinapanda, na miguu yangu haisikii akili.

Nisalimie shemeji, wapakate watoto kwa niaba yangu, na majirani wa kwetu uwaambie kwamba, ngoja, naitwa. Kilio kimekatika na mimi sikujua kimekatika saa ngapi. Anasema nilete taulo, niingie taratibu nisije nikawashtua, maana Bonge anamchekea na... naingia, dada.