Simu Mbili za Alhamisi Moja

Familia, kwa heshima kubwa na baada ya kukohoa kidogo, inautangazia umma wote wa karibu na wa mbali kwamba mwaka umezunguka na kurudi palepale tangu wewe, Spika, fundi mashuhuri wa redio, amplifaya na pasi za umeme, ulipotuacha.

Umma wenyewe, kusema kweli, ni mama yako aliyesinzia kwenye kochi, dada yako anayepiga pasi chumba cha pili, na mpwa wako aliyekabidhiwa kalamu kwa sababu shule ya bweni imemfundisha, kuliko wenzake wote, kuandika barua ndefu za kuomba radhi. Tangazo hili litabandikwa mahali pawili: kwenye mlango wa karakana yako, na ukutani katika kile chumba nyuma ya banda la dobi wa hospitali, wanapokutana watu wa Alhamisi. Kwa hiyo kaa vizuri, Spika. Unasomwa.

Tunakukumbuka kwa mikono yako. Redio iliyoletwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa vipande vipande ilitoka kwako inasoma taarifa ya habari. Lakini simu yako mwenyewe ilikuwa na kioo kilichopasuka, hakionyeshi kitu, hujui hata ni nani anayekupigia. Ulipoambiwa uitengeneze, ulisema foleni ya wateja ni ndefu na wewe si mtu wa kujipendelea.

Tunakukumbuka kwa sauti. Hukuitwa Spika bure. Ukimwita mteja wa mtaa huu, wa mtaa wa pili anaitika. Siku moja ulimwambia mama yako, "Mama, punguza redio, hatusikilizani!" Akakujibu, "Redio gani, baba? Ni wewe unayeongea."

Kisha koo likaanza kukwaruza. Ulisema ni moshi wa kulehemu. Ilikuwa saratani. Madaktari wakakupasua, wakakuachia mnong'ono mwembamba, kama kituo kinachoshikwa kwa shida. Ikabidi uwainamie wateja ili wakusikie, na wao, hatujui kwa nini, wakawa wanakunong'oneza pia. Karakana ikawa maktaba.

Mpwa wako, ambaye hana jambo analoliacha bila kulifanyia mzaha, alijifunza kuuiga mnong'ono ule kwa siku mbili. Si kazi ngumu. Sauti ya mtu huwezi kuiiba kirahisi, lakini mnong'ono unafanana na mnong'ono. Bweni zima lilicheka. Hata wewe ulicheka, mabega yakitikisika bila sauti, ukamwambia, "Siku nikichoka, utaongea na wateja badala yangu."

Ambacho hakuna aliyekicheka ni chupa. Ilikaa rafu ya juu, imeandikwa MAJI YA BETRI kwa mwandiko wako mzuri, na mtu mwenye akili zake hagusi maji ya betri. Dada yako aligusa. Akanusa, akakaa kitako juu ya redio ya mteja.

"Tangu lini?"

"Tangu waliponipa majibu," ulinong'ona. "Nikinywa, silisikii koo."

"Na usipokunywa?"

"Nasikia kila kitu."

Ndipo ukapelekwa kwa Mshauri, yule bwana wa hospitali anayeongea puani na kumwita kila kiumbe "ndugu yangu mpendwa", hata paka wa dobi. Alikwambia jambo ambalo tumelishika mpaka leo: saratani ilikuwa kooni tu, lakini woga ulikuwa umeenea mwili mzima, na woga nao unatibiwa. Kila Alhamisi saa nne asubuhi mlikaa watu wanane kwenye viti vya plastiki. Wote mlikuwa na saratani, na wote mlikuwa na pa kukimbilia: huyu pombe, yule vidonge vya maumivu alivyovizidisha, mwingine sigara za chooni. Hakuna aliyehubiriwa. Mtu alisema anachokiogopa, wenzake wakamsikiliza mpaka mwisho, chai ikamiminwa.

Mlikuwa na utaratibu wenu. Aliyemaliza wiki bila kuteleza alitia kitu cha kazi yake kwenye chupa yake ya kioo: mshonaji kifungo, mwalimu kipande cha chaki, wewe skrubu. Aliyeteleza alitoa vyake vyote akaanza upya. Asiyefika bila kuaga, kiti chake kiliachwa wazi, na kabla ya saa sita mwenzake mmoja alikuwa mlangoni kwake anapiga hodi. Lakini aliyepiga simu kuaga aliaminiwa, akaachwa.

Ulifikisha skrubu kumi na sita. Ulituonyesha idadi hiyo kwa vidole vyako vyote kumi, ukaazima sita vya mama yako.

Sasa tunafika kwenye Alhamisi ya kumi na saba, ambayo nyumba hii imekuwa ikiisimulia vibaya. Inavyosimuliwa ni hivi: ulikikwepa kikao, ukamdanganya Mshauri kwa simu kwamba una wageni, saa tisa ukafunga karakana, ukanywa mpaka ukalala sakafuni. Dada yako alipokuuliza, ukasema kikao kiliahirishwa. Akampigia Mshauri, Mshauri akasema hakikuahirishwa hata kidogo. Hapo dada yako akakwambia, "Hata ugonjwa haujakufundisha kusema kweli." Neno hilo lilikufuata. Lilisemwa mpaka msibani, kwa sauti ya chini, na watu waliokuwa wameshika vikombe vya chai yetu.

Familia inapenda kusahihisha. Hukudanganya. Kulikuwa na kijana mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa sababu za kiusalama. Kijana huyo alikuwa na amplifaya mbovu inayovuma kuliko muziki wenyewe, likizo imekwisha, basi la shule linaondoka saa nane mchana siku hiyohiyo, na Jumamosi kulikuwa na burudani bwenini. Alikuwa ameshajitangaza kwamba muziki ataleta yeye. Fundi pekee aliyemtegemea alikuwa na kikao. Basi kijana akachukua simu ya mtu, akajificha nyuma ya tangi la maji, akabana pua kwa vidole viwili, akakupigia.

"Ndugu yangu mpendwa, leo hatuna kikao. Chumba kinapakwa rangi. Rangi ya samawati. Tafadhali upumzike nyumbani, tafadhali."

Ukauliza, "Hatuwezi kukaa hata nje? Leo nilikuwa na neno la kusema."

"Litunze, ndugu yangu mpendwa. Wiki ijayo litakuwa limeiva."

Kisha ulipoingia kuoga, kijana akaichukua simu yako. Namba ya Mshauri ulikuwa umeiweka kwenye kitufe cha mbili, uipate haraka siku ukizidiwa, hata kama kioo hakionyeshi kitu. Akabonyeza mbili. "Leo siji," akanong'ona. "Nina wageni." Mshauri hakuwa na sababu ya kushuku, namba ilikuwa yako, mnong'ono ulikuwa wako. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyekuja kukupigia hodi.

Mlifanya kazi mpaka saa sita. Kijana alimulika tochi, wewe ukalehemu.

"Jumatatu napigwa picha nyingine ya koo," ulisema.

"Itakuwa safi tu, Mjomba. Huu waya mwekundu unaenda wapi?"

Ukaushika ule waya. "Unaenda hapa," ukasema.

Saa nane basi likaondoka na amplifaya. Saa tisa ukafunga karakana.

Mshauri ametusimulia ulivyoingia kikaoni Alhamisi iliyofuata. Hukukaa. Ulitazama kuta, rangi ileile ya zamani, doa lilelile la maji pembeni ya dirisha. Ulizunguka chumba kizima ukipitisha kidole ukutani, ukakitazama kidole chako. Halafu ukasema, "Nilikosea mimi." Ukachukua chupa yako ya kioo, ukatoa skrubu zako zote kumi na sita, ukazitia mfukoni. Tangu hapo hukujitetea tena kwa mtu yeyote, hata kwa dada yako.

Na ulianza upya. Hilo nalo watu wakisimulia wanalisahau. Ulirudi kikaoni kila wiki mpaka miguu ilipokataa, ukafikisha skrubu tisa. Likizo fupi kijana alikuja kukuona wodini. Ulimwita kwa kidole, akainama.

"Mshauri hasemi tafadhali mara mbili," ulinong'ona.

Kijana akacheka. Akajifanya hajaelewa, akauliza kama kuna anayetaka maji ya kunywa. Wewe ulimngoja. Ulimngoja kwa macho, muda mrefu, hukumharakisha. Mwisho ukamuuliza kama ile amplifaya inavuma.

"Haivumi, Mjomba."

"Vizuri," ukasema.

Siku nne baadaye ulifariki.

Hapa inabidi tangazo lisimame kidogo, kwa sababu dada yako ametokea nyuma ya kiti na anasoma juu ya bega la mwandishi, pasi bado mkononi.

"Simu hiyo aliipokea peke yake," amesema. "Haya mambo ya rangi ya samawati umeyatoa wapi?"

"Ni kupamba tu, Mama. Ndivyo wanavyoandika."

"Na huyu kijana anasema Mjomba, Mjomba. Ndugu yangu alikuwa na wapwa wangapi?"

Mama yako amefumbua jicho moja kule kwenye kochi. "Mmoja," amesema. "Na huyo mmoja alitosha."

"Simu ya nani ilitumika?"

"Yako, Mama."

Amekwenda kuichomoa pasi ukutani. Amerudi, ameketi, amesoma tangazo tena kutoka juu mpaka chini, taratibu, midomo ikicheza. Mwandishi alikuwa amejiandaa kwa kofi. Halikuja.

"Nilimwita mwongo," amesema. "Nilimwambia usoni, na yeye hana hata sauti ya kunijibu. Akaniangalia tu."

Basi. Kijana ni mimi, Mjomba. Mimi ndiye niliyebana pua nyuma ya tangi, na mimi ndiye niliyebonyeza mbili. Nilipanga kukusafisha wewe bila kujichafua mimi, na hata hilo limenishinda kabla ya mistari ya mwisho.

Daktari alisema saratani ingekuchukua tu, na mwaka mzima nimejificha nyuma ya maneno ya daktari. Lakini zile skrubu kumi na sita hazikuchukuliwa na saratani. Nilizichukua mimi, kwa ajili ya burudani ya Jumamosi moja ambayo umeme wenyewe ulikatika baada ya nyimbo tatu. Ulikuwa na neno la kuwaambia wenzako. Ulitaka kusema unaogopa picha ya Jumatatu. Nadhani ni hilo, kwa sababu uliniambia mimi badala yao, nami nikakuuliza habari za waya. Na pale wodini ulinifungulia mlango wa kusema, nikauliza nani anataka maji.

Samahani, Mjomba. Nalisema kwa sauti yangu, si ya mtu mwingine.

Mama amesema nisifute hata mstari mmoja. Amesema nakala ya watu wa Alhamisi nitaibandika mwenyewe, saa nne asubuhi, wakiwa wamekaa, Mshauri akiwepo, na nisitoke mpaka wamalize kuisoma. Nimeuliza kama naweza angalau kuwapigia simu kwanza, wajiandae.

"Wewe," amesema bibi bila kufumbua macho, "simu umeshapiga za kutosha."

Unakumbukwa na mama yako mzazi, anayeitunza ile chupa yako ya kioo kabatini na hataki iguswe. Na dada yako, anayeomba iandikwe hapa, watu wote waone, kwamba lile neno amelirudisha na anakuomba radhi. Na Mshauri pamoja na watu wa Alhamisi waliobaki. Na mpwa wako wa pekee, aliyepiga simu zote mbili.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Spika, na kuanzia leo tutakukumbuka kama ulivyokuwa: msema kweli.