Jina la Ifrah pale darajani

Jumanne, jioni. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, joto la kukausha mate, na mimi nimepanga kabati la jikoni mara tatu.

Wanaonijua wanajua maana yake. Wengine wakiogopa hulia, wengine huongea bila kunyamaza. Mimi huhamisha mikebe. Leo iliki imetoka rafu ya juu ikashuka chini, ikarudi juu. Nguo za watoto nimezikunja upya, za shule upande huu, za nyumbani upande ule, utadhani kuna mkaguzi anakuja. Mchana nikavuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda, lile la karatasi zetu zote, nikalipangusa vumbi na kulifungua.

Afadhali ningeliacha.

Kesho asubuhi nasafiri na Ifrah kwenda Nairobi, na ninaogopa.

Ifrah ana miaka mitano na nusu. Ni binti wa Yusuf, ndugu wa mume wangu Omar. Mama yake alifariki akimzaa, ng'ambo ya mpaka, mahali Yusuf alikokuwa amefuata malisho na ngamia wake. Yusuf alimleta kwangu akiwa na wiki tatu, amemfunga kwenye shuka kifuani, akaniambia anaenda kumaliza mambo ya mifugo kisha atarudi. Wakati huo nilikuwa nanyonyesha Sumaya wangu, aliyemtangulia Ifrah kwa miezi minne tu, basi wakanyonya wote wawili. Yusuf alikuwa akija na kuondoka, akija na kuondoka. Mwaka juzi homa ilimchukua ndani ya siku nne. Ifrah ananiita hoyo, yaani mama, na sijui kumwita kitu kingine zaidi ya mwanangu.

Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Ukimtazama mchana juani unaona ukungu mweupe katikati ya mboni. Akitaka kukutazama vizuri huinamisha kichwa kidogo ili atumie jicho zima, na watu husema ana maringo. Daktari wa hapa mjini alituandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu Nairobi. Miadi ya kwanza tuliikosa kwa sababu maji yalikata barabara ng'ambo ya mto. Ya pili ni keshokutwa, Alhamisi. Daktari alisema jicho la mtoto likikaa na ukungu muda mrefu huzoea kutoona, na likishazoea, hata likisafishwa halitaona sawasawa tena. Maneno hayo yamekaa nami. Nayasikia nikikoroga chai, nayasikia nikiwa darasani nafundisha watoto wa watu.

Na Ifrah hana cheti cha kuzaliwa.

Hapo siwezi kumlaumu mtu. Tulizembea. Kila mwaka tulisema tukitulia kidogo tutashughulikia, na nyumba yenye watoto wadogo haitulii. Tumeanza juzi juzi tu, baada ya barua ya daktari, na mpaka leo tulichonacho ni barua ya chifu. Mengine bado.

Anayetoka hapa Garissa anavuka daraja, na kwenye kizuizi cha polisi basi husimama. Abiria wote wanashuka, vitambulisho mkononi, foleni moja. Mara nyingi mtoto hupita na mama yake bila swali lolote. Siku nyingine huulizwa. Majuzi mama mmoja wa mtaa wetu alibakizwa pale na mjukuu wake mpaka basi likaondoka bila wao. Hakutukanwa, hakuguswa. Askari alitaka tu kujua mtoto ni wa nani, na yeye hakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Nimezaliwa mji huu, kitambulisho changu ninacho, sijawahi kuchukua hata sindano ya mtu, lakini nikifika pale hutembea kama mwizi. Sasa fikiria nikiwa na mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka.

Ndipo sandukuni, chini ya vyeti vyangu vya shule, nikaona cheti cha Sumaya.

Nilikishika muda mrefu. Msichana. Umri ule ule. Pua ile ile ya nyumba ya kina Omar. Sumaya Omar Hassan. Mwenzake ni Ifrah Yusuf Hassan. Nikajiambia, ni jina la mtoto na jina la baba tu, kuanzia Hassan kwenda juu ni wale wale. Jambo dogo. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na jambo dogo halihitaji kurudiwa mara nyingi hivyo.

Nikampigia simu Omar, ambaye yuko kazini Liboi, mpakani, na dawa zake za mifugo. Nikamweleza. Akasema, "Fanya unavyoona." Wanaume wana sentensi hii, wanaitunza kwa siku kama ya leo. Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira ilinisaidia kidogo kwa sababu kwa dakika tano sikuogopa.

Lakini kuna tatizo, na tatizo lenyewe ni fahari ya nyumba yetu. Kwetu mtoto kabla hajajua a, e, i, o, u anafundishwa abtirsi, yaani kuwataja baba zake mmoja mmoja kwenda juu. Ayeyo, yaani nyanya, mama yao Omar na Yusuf, anaishi nasi. Kila siku baada ya swala ya alasiri hukaa kwenye mkeka na sahani ya tende, akawaita wajukuu wake. Jina moja, tende moja. Sumaya hufika la nane akaanza kucheka. Ifrah hufika kumi na mbili bila kupumua. Na hamalizii kwa Ayeyo. Mwenye duka akimwuliza anaitwa nani, huwekewa wote kumi na wawili, mzani wa sukari ukisubiri. Mimi mwenyewe nimekuwa nikijisifu kwa hilo mbele ya walimu wenzangu.

Kwa hiyo askari akiinama na kumwuliza kwa upole, "Unaitwa nani, mrembo?", mimi nimeshika cheti cha Sumaya binti Omar, atajibiwa kwa sauti kubwa: Ifrah Yusuf. Hapo nitakuwa mwanamke mwenye mtoto na karatasi isiyo yake. Nitaeleza nini? Na Ifrah atapelekwa wapi wakati wananihoji mimi?

Basi nikafanya jambo ambalo naliandika hapa kwa aibu. Nilimfundisha.

Tulikuwa tunaoka biskuti za safari. Unga, samli, sukari, iliki niliyoihamisha asubuhi. Sufuria juu ya jiko, makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko. Watoto wanakata duara kwa bilauri ya chai, unga hadi kwenye nyusi. Nikasema tucheze mchezo. Kesho Ifrah ataitwa Sumaya Omar. Akilisema vizuri, biskuti moja.

Alilishika mara ya pili tu. Mtoto huyu ana akili ya kutisha.

Sumaya akaweka bilauri chini. "Na mimi nitakuwa nani?" Nikamwambia yeye ni Sumaya vile vile. Akasema haiwezekani, Sumaya anaenda Nairobi na yeye anabaki kwa nyanya yake mwingine, mama yangu, mtaani Bula Iftin, akaangua kilio cha mtu aliyeibiwa. Nikamtuliza kwa biskuti mbili. Kisha Ifrah, aliyekuwa akikwangua unga kwenye kucha, akauliza, "Na abo Yusuf?"

Abo ni baba. Nilijibu haraka, bila kufikiri. Nikamwambia abo Yusuf atatusubiri hapa nyumbani mpaka turudi.

Nilisikia maneno hayo yakitoka, na sikuweza kuyarudisha. Nilisimama na koleo la makaa mkononi mpaka harufu ya kuungua ikanishtua. Biskuti zote nyeusi. Nikazimwaga, nikakanda unga mwingine, na mchezo sikuukatisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Niliendelea.

Alasiri Ayeyo akatandika mkeka wake. Sumaya akahesabu, akafika nane, akacheka, akalipwa tende zake. Ikawa zamu ya Ifrah.

"Haya, mama, hesabu," Ayeyo akamwambia.

Ifrah akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka akanitafuta jikoni, kichwa amekiinamisha upande ili anione kwa lile jicho zima.

"Hoyo, jina la leo ama la kesho?"

Mtoto ambaye hajawahi kusita. Alikuwa ameogopa kukosea jina lake mwenyewe, na hofu hiyo niliipika mimi, pamoja na biskuti.

Ayeyo hajui kusoma, lakini anajua sura ya karatasi ya serikali, na cheti kilikuwa mezani kando ya sinia ya biskuti. Sumaya akammalizia habari yote, pamoja na mambo ambayo hayakutokea. Nilisubiri kugombezwa. Ningependa kugombezwa. Badala yake Ayeyo akatoa kokwa kwenye tende, taratibu, akalilaza sahanini.

"Yusuf hakuacha ngamia," akasema. "Ukame uliwamaliza. Nyumba hakuacha. Aliacha jina, na liko kwenye mdomo wa huyu peke yake."

Nikalia mbele ya watoto, jambo ambalo huwa sifanyi. Nikamwuliza, "Na jicho, Ayeyo? Jicho nalo?" Sikuuliza kwa ubishi. Nilitaka kweli anijibu.

Alimtazama Ifrah, akamfuta unga kwenye nyusi kwa pindo la shela yake.

"Na jicho pia," akasema. Kisha akaongeza, "Kesho nakwenda nanyi."

Ayeyo hajavuka lile daraja kwa miaka mingi. Basi humtapisha kabla halijapata mwendo. Kiswahili chake ni cha kununua vitunguu. Lakini amesema, na Ayeyo akisema mambo yameisha.

Sasa hivi wako barazani, nawasikia kupitia dirishani. Watoto wanamfundisha la kumwambia askari, wanamrudisha mwanzo kila akikwama. "Bolisi, hii mtoto ya kijana yangu. Kijana yangu alikufa. Mimi nyanya yake. Jicho yake mgonjwa, nabeleka hosbitali." Anarudia na kurudia. Sumaya amejifanya askari, amevaa kofia ya Omar, anauliza maswali ambayo hakuna askari aliyewahi kuyauliza, kama vile Ayeyo anapenda rangi gani.

Cheti cha Sumaya nimekirudisha sandukuni. Nimefunga, na ufunguo nimempa Ayeyo, kwa sababu sijiamini alfajiri nitaamka mtu gani. Nilipokuwa narudisha karatasi nikaikuta kadi ya chanjo ya Ifrah ya tangu utoto, imekunjika, ina doa la chai. Jina lake liko pale, Ifrah Yusuf, na langu kama mlezi. Si cheti. Lakini inaonyesha kwamba mtu alimpeleka mtoto huyu kudungwa sindano miezi yote ile, na mtu huyo ni mimi. Nimeiweka kwenye mkoba pamoja na barua ya chifu na ya daktari. Biskuti zisizoungua. Maji. Mifuko mitatu ya Ayeyo ya kutapikia, na wa nne wa akiba.

Nilidhani nikishaamua hofu itapungua. Haikupungua, imehama tu, kama mikebe yangu. Mchana niliogopa kukamatwa na uongo. Sasa naogopa kurudishwa na ukweli. Wakitubakiza pale kesho, basi likaenda, Alhamisi ikapita na jicho likazoea giza, nitakumbuka maisha yangu yote kwamba karatasi ya kutuvusha ilikuwa chini ya kitanda changu. Nitamwambia nini akiwa mkubwa? Kwamba nilichagua jina? Ataniuliza kwa nini, na atakuwa ameinamisha kichwa anapouliza.

Sijui kama nimefanya sawa. Naandika nikitumaini nitaona, na sioni.

Ifrah ameingia sasa hivi kuchukua biskuti. Amesimama kando yangu akitafuna, makombo yanaanguka kwenye daftari.

"Kesho askari akiniuliza, niseme lipi?"

"Lako."

"Lote?"

"Lote."

Akafikiri. "Mpaka wapi?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme basi."

Akacheka, akakimbia kwenda kumwambia Ayeyo. Mimi nimerudi kabatini. Iliki naona ingekaa vizuri rafu ya chini.