Diski ya Mama

Azza, siku tuliyomzika mama, mdogo wangu Laith aliichukua kanda ya video ya harusi yangu, ile ambayo mama anaimba. Ndiyo sauti yake pekee tuliyokuwa nayo. Akasema ataitia kwenye diski ya Blu-ray, picha itoke safi.

Akaniletea diski, ikakaa kabatini kwangu miaka minane. Nani hapa Ibra ana mashine ya kuichezea? Sote tulitoka kwenye kanda tukaingia kwenye simu.

Leo nimeazima mashine kutoka mjini Nizwa. Diski tupu! Tupu, shoga!

Nikampigia Laith. "Kanda iliyeyuka garini mwangu wiki ileile, dada. Niliona haya."

Haya! Kila Idi ananiuliza, "Mshanunua mashine?" Mimi nacheka, namwambia bado. Kumbe ananichunguza, wallahi.

Watoto wamekaa mbele ya televisheni wanangoja kumwona bibi yao. Bado sijawaambia.