Kibisi na Mayai Yaliyofunikwa

Rehema mpenzi,

Salama huko? Hapa Tiwi mvua haikatiki, hata mkate unaota ukungu.

Asubuhi yote nimelala kifudifudi kwenye tope kando ya bwawa, nikitafuta picha ya kibisi, yule ndege mdogo apigaye mbizi. Kila nilipobonyeza kamera nilipata viwimbi tu, mwenyewe ameshazama. Kabla ya kuondoka kiotani huyafunika mayai yake kwa majani yaliyooza, ukiona utadhani ni takataka zinazoelea.

Akaja mama mmoja kunywesha mbuzi. Tulisalimiana, kisha akaniuliza, "Nikuite baba nani?"

Tangu tumzike mtoto wetu, hakuna anayetuita kwa jina lake. Hata sisi tumerudia majina yetu, kana kwamba hatukuwahi kuzaa.

"Baba Zawadi," nikasema.

"Mungu akukuzie, Baba Zawadi."

Nikaitikia amina, Rehema.

Alipokwenda zake, kibisi aliibuka, akapanda kiotani, akayafunua mayai jani moja moja, akayaatamia. Alikuwa karibu sana, ila macho yangu yalikuwa yamejaa maji, nikaiweka kamera chini. Ndiyo maana kadi hii ina picha ya minazi, nimeinunua dukani Diani.

Ule, mke wangu, hata kama huna hamu. Nikirudi nitabisha hodi. Ukiuliza ni nani, nitakutajia lile jina, nawe unifungulie.

Mimi wako,
Baba Zawadi