Musitari wa Saba

Lushebere, tarehe 9 Julai 2013

Kwako mudogo wangu Aimée,

Nakusalimia kwa salamu za nyumba nzima, hata kama nyumba yenyewe siku hizi ni hema ya kambi ya wakimbizi. Natumaini barua hii itakukuta muzima huko Bujumbura, na kifua chako hakikusumbui tena. Musalimie Katembo, umwambie shemeji yake anamukumbuka. Sisi tuko, tunapumua. Prince ametimiza miezi mitatu, ananyonya kama muntu anayelipwa, na usingizi wangu wote ameubeba yeye. Baba yake, Hubert, angali anachimba zahabu kule Omate, pande ya Walikale.

Karatasi yako ya mashauri kwa wageni wa harusi yenu ilinifikia. Papa Léopold, dereva wa kamio ya mizigo, aliileta imekunjwa ndani ya kofia yake. Nilimusomea Mama, pamoja na jirani yetu Mukasine, nikigeuza Kifaransa polepole. Uliandika kwamba ndoa itafanyika kwenye muchanga karibu na maji, basi wanawake wasivae viatu vya kisigino kirefu. Mukasine akasema shauri hilo amelitimiza tangu mwaka jana, alipokimbia bila viatu. Uliposema wageni wavae nyeupe, Mama akauliza kama umesahau rangi ya matope ya Masisi. Na juu ya viboko wanaotoka ziwani jioni, akasema heri kiboko, yeye haombi muntu kitambulisho. Akataka nisome tena pale pa viboko.

Mama alifurahia safari hiyo ya kuja kwako kama mutoto. Nilimufundisha yote. Kadi ya chanjo aiweke pamoja na kadi ya uchaguzi, ndani ya nguo, si ndani ya mufuko. Kwenye bariere ya askari asijibu kile hajaulizwa. Goma alale kwa masista, boti ya Bukavu aipande asubuhi, na kwenye mupaka wa Gatumba aseme anaenda kuoza binti yake, asiseme anaenda kutembea. Alikuwa akirudia kila kitu kama katekisimu huku akichambua majani ya sombe. Na kile kikwembe ambacho bibi alimufungia kiunoni siku ya ndoa yake, na yeye akanifungia mimi, alikifua mara mbili. Najua ulisema tarehe 27, siku ya ndoa, hautatoka ndani ya nyumba kama Mama hajakufunga kwa mikono yake. Njo maana barua hii imenishinda siku nyingi.

Mbele ya simu kukatika huku kwetu, uliniuliza Mama anafika siku gani, nikakujibu kwamba anajitayarisha. Aimée, Mama hayuko hapa. Tarehe 24 Juni aliondoka kwenda Nyabiondo kuvuna maharagi ya shamba letu. Alisema juma moja linatosha, gunia moja litakuwa la wakwe. Jumapili risasi zikaanza kule milimani. Watu waliofika hapa wanasema Jumamosi walimuona akipura maharagi mbele ya nyumba. Walimwambia twende, akawajibu kwamba mwenye kupura haachi nusu. Wengine wa kule walikimbilia pande ya Walikale, labda yuko kati yao. Nimemutumia Hubert ujumbe kwa mukono wa musafiri, aulize. Nauliza kila muntu anayeingia kambini. Nilikwenda mwenyewe mara mbili hadi bariere ya kwanza, Prince mugongoni, wakanirudisha. Zaidi ya hapo sijui nifanye nini. Nakaa, naangalia njia.

Sasa nikuambie lile ambalo hata padri hajalisikia. Karatasi yako ilikuwa na mashauri kumi. Mimi nilimusomea Mama tisa. Kwenye musitari wa saba uliandika kwamba wageni wasibebe zawadi, wasafiri wepesi, kuja kwao tu kunatosha. Huo niliuruka. Nilikumbuka siku wakwe walileta mahari, tukawapa chai bila sukari, na shangazi ya Katembo akatazama ndani ya kikombe muda murefu. Nikasema moyoni, hawatatuona tena na mikono mitupu. Nilipomaliza kusoma, Mama akauliza tutabeba nini. Nikakunja karatasi. Akajijibu mwenyewe kwamba maharagi yetu iko tayari. Hata asubuhi ya kuondoka, alipokuwa akifunga panga ndani ya nguo, nilikuwa bado na nafasi ya kusema. Nilimufungia mihogo ya njiani.

Mukasine, ambaye hajui habari ya musitari huo, ananiambia Mama na kichwa chake kigumu angekwenda tu. Labda. Lakini angekwenda akiwa amesikia.

Najua utataka kushika njia kesho. Usikuje. Mimi ni mukubwa wako na hili ni shauri langu kwako: kutoka Sake kuja huku njia haichagui muntu, na sitaki kutafuta wawili. Ndoa usiisogeze. Wakwe wakiuliza, uwaambie ukweli, na uwaambie ni mimi.

Kikwembe nimemupa Papa Léopold pamoja na barua hii. Mama alikiacha juu ya kitanda changu, amekikunja mara nne. Kama siku hiyo hajafika, utoke hivyo hivyo, ukishike mukononi. Usijifunge, na mwingine asikufunge. Kitamungoja.

Kile kikaratasi cha jibu, kilichokuja pamoja na mashauri, nacho nimekirudisha. Kwa jina langu niliandika hapana, kwa sababu niko na mutoto, na lazima muntu awe hapa Mama akirudi. Kwa jina la Mama, pale pa ndiyo na hapana nilishindwa, nikapaacha. Chini yake mulikuwa mumeuliza samaki ao kuku. Niliandika samaki. Kiti chake musikiondoe mpaka wote wamekwisha kula.

Prince anakuamkia kwa kilio chake, anataka ziwa, anyonye. Mungu akulinde hapo ulipo, na yule aliye njiani amuonyeshe pa kupita.

Ni mimi dada yako,
Solange, mama Prince