Picha Katika Duka la Mwaka wa 2036

Huruma, Eldoret
3 Februari 1986

Kwa kaka yangu mpendwa Eliakim,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Baba Maxi, na kwa Maximilla mwenyewe, ambaye sasa ana meno manne na anamuuma nayo kila mtu. Sisi tuko wazima, isipokuwa yeye alishikwa na homa wiki iliyopita, ikamtoka Jumamosi. Je, wewe huko Nairobi, kile kifua kilipona? Usilale bila sweta eti unaona aibu ya ile niliyokufumia. Najua mkono mmoja ni mrefu.

Pamoja na barua hii nimefunga daftari mbili nilizonakili kutoka zangu. Ni hadithi. Kwa vile wewe unashinda kwenye mashine ya kuchapa pale kwa Bwana Gichuru, nimeona nikutumie wewe kwanza. Usicheke kabla ya kusoma, cheka baadaye.

Ilianza na hiyo homa. Nilikuwa nafuma sweta za shule, mtoto mgongoni, na sikujua anachemka mpaka joto lake likapita nguo mbili likanifikia. Nikajiambia, uzi huu ungekuwa na akili ungeniambia mapema. Basi nikaandika juu ya mwaka wa 2036, ambapo sweta ya mtoto inabadilika rangi akianza kuugua, na mama yake anaona hata akiwa upande ule mwingine wa soko. Baada ya hapo mambo yakaja yenyewe. Nyumba za Huruma zinageuka polepole kufuata jua kama alizeti, hakuna chumba kinachokaa na ukungu. Kuna vyombo vinapaa kutoka msitu wa Kaptagat kwenda mwezini, na marubani wote ni wale vijana wanaokimbia huko, kwa sababu mapafu yao yameshazoea hewa kidogo. Msichana wa hadithi anaitwa Chelimo. Anauza dukani lakini anataka kuwa rubani.

Mahali pamoja nilikwama siku mbili. Duka la Chelimo lina picha ya Rais ukutani, kama duka lolote. Nilipopiga hesabu nikaona kufikia mwaka huo Mzee wetu atakuwa amepita miaka mia. Nikaona si heshima kumwacha mtu wa miaka hiyo akiendelea kufanya kazi. Nikaweka picha ya mama mmoja mnene mwenye kilemba. Umeonaje?

Nataka Maximilla aje asome kitabu kilichoandikwa na mama yake. Mwaka huu sina ombi lingine kwa Mungu.

Dada yako mdogo,
Selpha


Nairobi
24 Februari 1986

Kwako Selpha, nyaminwa, dada yangu,

Salamu zimefika na daftari zimefika. Kifua kimepona. Sweta naivaa, ule mkono mrefu naukunja, watu wanadhani ni mtindo. Mbusu huyo mwenye meno.

Nilianza kusoma saa ya chakula nikasahau chakula. Gichuru akaja kuuliza kwa nini mashine imenyamaza. Nikamsomea pale pa nyumba zinazogeuka. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote amechapa kadi za harusi na matangazo ya mazishi, na wewe ulimfanya aketi juu ya debe la wino asikilize. Akauliza mwandishi alisomea wapi. Nikamwambia ni darasa la saba, akadhani namtania. Amekubali tuchape nakala mia tano, mimi nikipanga herufi baada ya saa za kazi.

Yako mambo mawili. La kwanza, kwenye jalada tutaandika S. Oketch, basi. Watu hawatanunua habari za mwezini kwa mama wa Huruma. Wakishanunua na kupenda, ndipo tutawaambia. Usinune.

La pili ni ile picha. Itoe. Ukuta wa duka ubaki mtupu. Na hizo hesabu za miaka ya wakubwa usiniandikie tena ndani ya barua. Ile yako nimeichoma. Nisamehe, ilikuwa barua nzuri.

Kaka yako,
Eliakim


Huruma, Eldoret
12 Machi 1986

Kaka Eliakim,

Mungu akuongeze siku. Hapa sote tuko salama, mvua imeanza, na Maximilla anasimama akishika mguu wa mashine yangu ya kufuma.

Kuhusu hiyo S. nilinuna hadi jioni, kisha nikaacha. Lakini picha naomba tuiache.

Jumatano niliwasomea akina mama tunaofuma nao hapa kibarazani. Wacera, yule wa chumba cha jirani, aliuliza kodi ya nyumba inayogeuka ni pesa ngapi, na kama mwenye ploti naye anageuka. Walicheka mpaka koni za uzi zikabingirika hadi kwenye matope. Halafu nikawasomea duka bila picha, vile ulivyotaka. Wacera akaweka kazi yake chini, akasema, "Huyo Chelimo wako atashikwa."

Kumbe shemeji yake ana duka huko barabara ya Nakuru. Mwaka jana alitoa picha ukutani ili apake rangi. Kabla rangi haijakauka alikuwa ameshalala ndani siku mbili, akiulizwa Rais amemkosea nini.

Unaona sasa? Mtu akisoma duka bila picha atasema tuna dharau. Akikuta picha ataona hata mwaka huo watu wana adabu. Mengine yote amua wewe, hata jina la kitabu. Hili moja niachie mimi.

Dada yako,
Selpha


Nairobi
5 Juni 1986

Dada yangu Selpha,

Habari za huko na habari za Baba Maxi kazini? Mimi sina neno, ila vidole vyangu ni vyeusi na havitakati kwa sabuni.

Kitabu kimetoka. Nimempa Kipyego nakala nne, yule dereva wa lori la mahindi, atakuletea hadi mlangoni. Picha imebaki, umeshinda. Niliisoma mara nyingi nikipanga herufi na mwisho nikaona pengine una haki, ni mama tu mwenye kilemba, hana ubaya na mtu.

Walimu wananunua. Wanafunzi wa chuo wananunua kimoja na kukisoma watano. Jana alikuja bwana mmoja wa suti akachukua kumi kwa mpigo bila kupunguziwa bei. Gichuru alifurahi sana. Mimi nilitaka kumuuliza anavipeleka wapi, lakini alikuwa na haraka.

Anza kingine.

Kaka yako,
Eliakim


Huruma, Eldoret
20 Juni 1986

Kaka yangu wa pekee,

Salamu baadaye. Nimekishika. Nimekinusa. Nimekiweka chini ya mto kama msichana aliyepata barua ya kwanza, Baba Maxi amenicheka na kisha nikamkuta yeye mwenyewe anakisoma amesimama, chai inapoa. Maximilla nilimpa nakala yake, akaiuma jalada. Alama ya meno iko pale, nimeiacha.

Nimeanza daftari ya tatu. Chelimo amefika mwezini na anamwandikia mama yake barua. Sijui bado barua inashuka vipi.

Umesalimiwa na Wacera. Anasema mwambie kaka yako yale ya kodi hayajajibiwa.

Dada yako,
Selpha


Huruma, Eldoret
14 Agosti 1986

Kwa kaka Eliakim,

Natumaini u mzima. Hii ni barua ya tatu tangu Juni na sijaona jibu.

Baba Maxi alipata ruhusa kazini akaja Nairobi Jumamosi. Alikuta kwa Gichuru kumefungwa, na kufuli iliyoko si ya Gichuru. Jirani muuza viatu hakutaka kusimama naye. Alimwambia tu, huku akipanga viatu, arudi kwao mapema na asiulize jina lako mahali pengine. Chumba chako kina mtu mwingine. Amesema hakujui.

Kama umekasirika kwa ajili ya picha, sema umekasirika. Kama unaumwa, sema. Andika neno moja, hata kwa penseli. Mtoto anatembea sasa.

Selpha


Gereza
9 Oktoba 1986

Kwa Selpha, mke wa Johnstone,

Nakusalimu. Afya yangu ni nzuri. Chakula kipo.

Nakujulisha kwamba mahakama imenifunga miaka mitatu kwa ajili ya kitabu kibaya nilichoandika mimi mwenyewe, Eliakim Simeon Oketch. Nilikiri. Mwenye mashine hakujua kilichomo.

Najua wewe kitabu hicho hukijui na usingeweza kukisoma. Wewe ni mwanamke wa kufuma sweta, hata barua ya salamu huwa unaandikiwa na bwana yako. Mtu akija kukuuliza, mwambie hivyo. Lea mtoto. Mambo ya vitabu hayakuwa kazi yako wala hayatakuwa.

Barua zinazokuja hapa zinasomwa na wakubwa, kwa hivyo zisiwe ndefu.

Ndugu yako,
Eliakim Simeon Oketch


Huruma
2 Novemba 1986

Kwa kaka Eliakim Simeon,

Hujambo. Mimi sijambo. Mtoto hajambo. Bwana yangu hajambo. Kuna mvua. Sina mengi.

Ni mimi dada yako,
Selpha


Huruma
20 Desemba 1987

Kwa kaka Eliakim Simeon,

Hujambo. Sisi hatujambo. Nakutakia Krismasi njema. Mtoto ni mkubwa. Sina mengi.

Ni mimi dada yako,
Selpha


Nyumbani kwa Baba, Yala
30 Oktoba 1988

Selpha, dada yangu,

Barua hii haipiti posta. Kipyego ataitoa mkononi mwake na kuitia mkononi mwako, kwa hivyo leo tunaweza kusalimiana kama watu. Habari ya miaka yote hii? Maximilla anaongea? Anafanana na nani?

Waliniachilia wiki mbili zilizopita, kwa kupunguziwa. Waliyonifanya kabla ya mahakama sitakuandikia. Miguu ingali inavimba nikisimama sana, na kazi ya mashine ni ya kusimama, kwa hivyo nipo hapa kwa Mzee, nachunga ng'ombe wawili wasio na haja ya kuchungwa. Gichuru alitoka mapema, lakini mashine hazikurudi. Nasikia anauza viazi kwao.

Swali lao lilikuwa moja, kila siku hilo hilo. Kwenye hiyo picha, Rais wetu mmempeleka wapi? Niliwaambia amezeeka tu. Wakauliza nani aliyeniruhusu kuhesabu.

Nisamehe kwa yale niliyokuandikia kutoka gerezani. Nilijua utaelewa ukifika kwa Simeon. Majibu yako niliyasoma nikajua umeelewa, na nikalala.

Sasa nisikilize. Mle ndani hatukuwa na kitabu, nikawa nawasimulia wenzangu hadithi yako. Nyumba zinazogeuka waliziomba kila wiki. Kulikuwa na mzee mmoja, Macharia, mfungwa wa maisha, alikuwa akiniambia, "Leo nipeleke tena kwa yule msichana." Hadithi ilipoisha akaniuliza Chelimo alifika mwezini, akafanyaje? Nilitaka kumtungia, ikakataa, mimi ni mtu wa kupanga herufi za wengine. Nilimwambia aliyeandika yuko, na anaendelea. Sikumwambia ni nani.

Andika, Selpha. Usimtumie mtu yeyote ila mimi. Tutaweka, siku yake itafika.

Kaka yako,
Eliakim


Huruma, Eldoret
21 Novemba 1988

Kaka yangu Eliakim,

Nakusalimu, na nikimaliza kukusalimu naanza tena. Kipyego alisimama mlangoni akasema, "Mama, kaka yako anakula vizuri," nikaketi chini palepale kwenye ngazi. Maximilla anaongea mpaka tunamwomba anyamaze. Anafanana na wewe mdomoni. Hiyo miguu ikande kwa maji ya chumvi, na usimfiche Mzee ikikuuma.

Picha lilikuwa neno langu. Uliniambia niitoe. Kila sweta niliyofuma miaka hii miwili nimefuma na neno hilo, na sijui nitakulipa vipi, basi sitajaribu kukuomba msamaha kwa barua. Nitakuja, Mungu akipenda, Aprili.

Acha nikuambie jinsi ilivyokuwa. Barua yako ya gerezani nilisoma nikalia kwa hasira, nikasema, kumbe hata yeye ananiona hivyo. Kisha nikafika kwenye jina. Kwetu hakuna Simeon, ila ile S. yangu ya jalada. Nilichukua daftari zote, na ile ya tatu, nikawasha nazo jiko. Vitabu vinne pia, hata chenye alama ya meno. Maji yalichemka nikamwogesha mtoto nayo, kwa sababu nilikuwa nimeshayateka.

Wiki iliyofuata walikuja wanaume wawili wenye makoti. Walikuwa na adabu. Waliuliza kama kaka yangu alibatizwa Simeon, nikasema ndiyo. Wakanipa karatasi na kalamu, wakasema andika chochote, Mama, tuone mwandiko. Mtoto alikuwa mgongoni. Niliandika kwamba naitwa Selpha, napika ugali, nafuma sweta. Niliandika polepole nikitoa ulimi kama mtoto wa chekechea. Mmoja akacheka, akamwambia mwenzake, "Huyu hata mwezi hajui uko wapi." Wakaenda. Baba Maxi aliporudi alinikuta bado nimeshika kalamu.

Tangu siku hiyo niliendelea hivyo hivyo. Niliogopa nikiandika vizuri mahali, hata orodha ya sweta za shule, mtu atalinganisha na wewe utaongezewa miaka. Wacera akiniomba hadithi kibarazani, nasema nimesahau. Mwanzoni nilikuwa nasema uongo.

Barua yako ilipofika nilifurahi, nikanunua daftari mpya, ya kurasa tisini na sita. Juzi Maximilla alilala mchana nikaketi mezani. Nikaandika "Mwaka wa" kisha mkono ukasimama. Kila namba niliyofikiria niliwaona wale mabwana wanaihesabu, nani atakuwa hai na nani hatakuwa. Nilikaa hapo mpaka mtoto akaamka. Jana nikajaribu tena, na kilichotoka kwenye karatasi ni "Hujambo, sisi hatujambo."

Nakuandikia hii kwa siku nne, kipande kwa kipande, na ndiyo ndefu kuliko zote tangu ulipofungwa. Kwa hivyo labda mkono haujafa, labda unangoja tu. Nafikiria habari za huyo mzee Macharia. Yeye hatatoka. Anangoja kusikia msichana alifanyaje mwezini, na mimi nilijua, nilikuwa nimeandika kurasa kumi na moja.

Kaka, nichagulie mwaka. Hata wa karibu, hata mwaka kesho. Mpe Kipyego kwa kipande cha karatasi, namba peke yake bila maneno, ili akishikwa nayo njiani iwe ni namba tu. Nimeacha nafasi yake pale kwenye ukurasa wa kwanza.

Dada yako,
Selpha